Picha za kauboi za baba kwenye televisheni mpya

Swali: Assalaam alaykum, mtaalamu. Nimemnunulia babaangu televisheni ya inchi 50. Ujanani mwake hapa Unguja alikuwa hapitwi na picha ya kauboi, kwa hiyo nikamtafutia Stagecoach na High Noon, zote nyeusi na nyeupe. Tulipotazama akasema, "Hizi sizo nilizoziona mimi." Nyuso zimekuwa pana, watu wanatembea kama wako kwenye tamthilia za jioni, weusi umekuwa kijivu na picha nzima ina ubuluu. Mwanangu wa miaka 13 aliondoka baada ya dakika kumi. Je, picha ndizo mbovu, televisheni ndiyo mbovu, au ni kumbukumbu ya mzee? Nitafute zile zilizotiwa rangi ili kijana akae? Na tuanze na ipi?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Mzee wako hajakosea hata kidogo. Alichokiona ujanani na alichokiona juzi sebuleni ni vitu viwili tofauti, na kilichovitenganisha ni mipangilio ya televisheni. Televisheni hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kushindana na wenzake dukani chini ya taa kali: inang'aa kupita kiasi, imetiwa ubuluu, na inalainisha kila kinachosogea. Mpira wa miguu unavumilia hayo. Picha nyeusi na nyeupe haivumilii, maana haina rangi ya kujifichia. Ina mwanga na kivuli basi, na ukivivuruga hivyo viwili umeivuruga yote.

Nilikuwa opereta wa mashine ya sinema kabla ya kuingia kwenye ufundi wa televisheni, kwa hiyo jambo hili nalijua kwa pande zote mbili, na linaniuma ninapoona picha nzuri inahukumiwa kwa kosa la rimoti. Hebu ichukue hiyo rimoti.

Anza na upana wa nyuso. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, karibu kila picha ya Hollywood ilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba: upana ni mara 1.37 ya kimo. Kioo cha televisheni yako upana wake ni mara 1.78 ya kimo. Kwa inchi 50 hiyo ni kama sentimita 111 kwa 62. Stagecoach ikikaa sawasawa humo inatumia sentimita 85 tu za upana, na kila pembeni unabaki ukanda mweusi wa sentimita 13 hivi. Kanda hizo ndizo zinazowaudhi watu, wanabonyeza kitufe cha kujaza kioo, na hapo farasi wanavimba na John Wayne anapata mashavu ya mtu mwingine. Ziache zikae. Kama unatumia DVD ya zamani, chagua umbo la 4:3. Kama picha inatoka kwenye Blu-ray au kwenye intaneti, chagua 16:9 au ile inayoitwa Original, kwa sababu kanda nyeusi zimeshatiwa ndani ya picha yenyewe. Ukitaka kuhakiki, simamisha Stagecoach pale gari la farasi linapoonekana ubavu. Gurudumu likiwa duara, umepatia. Likiwa kama yai, rudi kwenye mipangilio.

Wapo wanaokimbilia kukuza badala ya kuvuta. Nyuso zinabaki na umbo lake, lakini unakata karibu robo ya picha, juu na chini, na kwa mwongozaji John Ford hilo ni kosa kubwa. Yeye alipopiga Stagecoach mwaka 1939 kwenye Monument Valley, kwenye mpaka wa Arizona na Utah, mara nyingi aliliacha anga lichukue sehemu kubwa ya picha ili lile gari lionekane dogo kama mdudu. Kisha akiingia ndani ya vituo vya njiani anaonyesha dari, jambo ambalo studio za wakati ule zililikwepa kwa sababu taa zilining'inizwa juu. Dari zile ziko chini, zimewabana wasafiri tisa wasiopendana. Mwongozaji mashuhuri Orson Welles aliitazama Stagecoach mara nyingi alipokuwa akijifunza kazi kabla ya kutengeneza picha yake ya kwanza ndefu. Ukikuza, dari unaikata, na watu waliokuwa wamebanwa wanakuwa watu waliokaa tu mezani.

Na ile meza ya chakula itazame vizuri. Dallas, mwanamke aliyefukuzwa mjini kwa sababu ya kazi yake, anakaribishwa kiti na Ringo (ndiye John Wayne) karibu na mke wa afisa wa jeshi. Yule bibi anamwangalia. Hasemi neno. Bwana mmoja mwenye adabu za kizamani anamwambia bibi kwamba dirishani kuna baridi nzuri zaidi, na wote wanahama upande wa pili wa meza. Ringo, aliyetoroka jela, anadhani wamemkimbia yeye. Hakuna bastola hapo, hakuna farasi, na ndiyo sehemu kali kuliko zote kwenye picha ile. Inafanya kazi kwa macho na kwa nafasi iliyobaki tupu kati ya viti. Nafasi hiyo ukishaivuta au kuikata, mwanao ana haki ya kuuliza kuna nini.

Sasa hilo la tamthilia. Sinema ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni yako inaonyesha 50 au 60, na ili kuziba pengo inabuni picha za katikati ambazo hakuna kamera iliyozipiga. Ndiyo maana Gary Cooper, stelingi wa High Noon, anateleza badala ya kutembea. LG wanauita mtambo huo TruMotion, Sony wanauita Motionflow, Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity, na kwingine utakuta neno lolote lenye "Motion" ndani yake. Uzime kabisa, usiupunguze tu. Baada ya hapo ukiona magurudumu ya gari yanaonekana kuzunguka kinyumenyume, usishtuke wala usiguse kitu. Hiyo ni tabia ya picha 24 kwa sekunde, na mzee aliiona hivyohivyo.

Ubuluu unatoka kwenye mpangilio wa joto la rangi. Kiwango kinachofuatwa katika kuandaa picha ni karibu Kelvini 6500, na televisheni nyingi hukikaribia ukichagua "Warm" au "Warm 2". Siku ya kwanza utaona kama imepakwa chai. Vumilia jioni mbili, macho yatatulia, na utakapojaribu kurudi kule kwa zamani utashangaa uliwezaje. Usidanganyike kushusha kitufe cha rangi hadi sifuri ukidhani kitaondoa ubuluu. Hakiondoi, kwa sababu ubuluu uko ndani ya weupe wenyewe. Picha nyeusi na nyeupe ndiyo kipimo kikali cha televisheni yoyote: rangi yoyote utakayoiona pale imeletwa na mashine.

Kuhusu weusi kuwa kijivu, zima kwanza kila kitu kinachojiamulia chenyewe: kontrasti inayojibadilisha, kihisio cha mwanga wa chumba, kubana umeme. Kisha tafuta tukio la usiku, lisimamishe kwenye mtu mwenye kofia nyeusi aliyesimama kivulini, ushushe kitufe cha kiwango cha weusi hadi kofia imezwe na giza, halafu upandishe polepole mpaka ukingo wa kofia urudi. Simama hapo hapo. Kanda za pembeni nazo zinasaidia, maana zinatakiwa zikaribie weusi wa fremu ya televisheni. Zikibaki na ukungu hata baada ya hapo, ni kioo chenyewe kinachovujisha mwanga, na dawa yake ni taa ndogo nyuma ya televisheni, isiyoonekana machoni. Jicho likiwa na mwanga kidogo pembeni linauona weusi kuwa mweusi zaidi. Giza totoro halifai, wala taa ya katikati ya dari inayojitazama kwenye kioo.

Ukali wa picha, ule "Sharpness", shusha karibu na sifuri. Unachokiita ukali ni mstari mweupe ambao televisheni inauchora kuzunguka kila kofia. Kifuta-chenga ("Noise Reduction") nacho zima. Chengachenga unazoziona ni punje za fedha. Ndiyo, fedha, madini yenyewe: picha nyeusi na nyeupe ilijengwa na chembe za fedha juu ya filamu. Ukizifuta, ngozi za watu zinakuwa nta.

Kama mambo haya yote yanakuchosha, angalia kwenye orodha ya aina za picha kama kuna Filmmaker Mode. Televisheni nyingi za baada ya 2020 zinayo na inafanya sehemu kubwa ya niliyoyasema kwa kubonyeza mara moja. Kama haipo, chagua Movie au Cinema, kisha bado ukazime ule mtambo wa mwendo.

Sauti sina mengi. Picha hizi zilitengenezwa kwa mkondo mmoja wa sauti. Ukiwa na spika ya ziada, izuie isizungushe sauti chumbani, la sivyo maneno ya watu yanazama. Na muwekee mzee maandishi ya chini, hata yakiwa ya Kiingereza; lafudhi za Texas zinawashinda hata Waingereza.

Yapo mambo ambayo ni lazima uyajue ili usiyarekebishe. Anga la High Noon ni jeupe, limefifia, kama siku ya vuli isiyo na upepo. Usihangaike na kontrasti. Floyd Crosby, aliyekuwa na kamera, alikataa makusudi kutumia kichujio cha kutia giza anga, kwa sababu yeye na mwongozaji Fred Zinnemann walitaka ifanane na picha za mnato za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kwenye picha za Ford utakuta kinyume chake: anga jeusi na mawingu yanayong'aa, kazi ya vichujio vinavyoumeza ubuluu wa anga. Kwenye Stagecoach, John Wayne anapoonekana mara ya kwanza, kamera inamkimbilia usoni na kwa nukta moja uso unapoteza ukali kisha unarudi. Ni kamera ya 1939 hiyo, televisheni yako haina hatia. Mikwaruzo nayo imo. Negativu ya asili ya picha hiyo ilipotea, na mwaka 1970 ikapatikana nakala nzuri aliyokuwa nayo Wayne mwenyewe, ambayo kwayo negativu mpya ilitengenezwa.

Halafu kuna kidoa. Kwenye baadhi ya nakala, pembe ya juu kulia, kila baada ya dakika kama kumi na tisa au ishirini hivi, kitatokea kiduara kidogo, kisha baada ya sekunde saba au nane kingine. Hicho kilikuwa chetu sisi maopereta. Picha ilikuja kwa magurudumu ya filamu, na tulikuwa na mashine mbili. Kidoa cha kwanza, unawasha mota ya mashine ya pili. Kidoa cha pili, unafunga dirisha la moja na kufungua la nyingine. Ukisinzia, watu wanaona kioo cheupe na vigelegele vya hasira vinaanza. Muonyeshe mzee kile kidoa. Huenda alikiona maisha yake yote bila kuambiwa ni cha nini.

Zilizotiwa rangi achana nazo, hata kwa ajili ya kijana. Mpiga picha wa wakati ule alichagua mashati, kuta, vumbi na saa ya jua kwa kujua yatakavyotoka katika kijivu. Anayekuja baadaye na kompyuta kupaka anga buluu na ngozi rangi ya chungwa anafunika uamuzi wa mtu mwingine. Miaka ya 1980 jambo hili lilizua ugomvi mkubwa Marekani mpaka likafika Bunge lao, na sheria ya 1988 ikaanzisha orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. High Noon iliingia kwenye kundi la kwanza la filamu 25, mwaka 1989.

Kijana atakaa, ila umpe picha inayomfaa. Asianze na High Noon, ambayo ni ya kusubiri. Mpe Winchester '73 ya mwaka 1950, ya Anthony Mann, James Stewart ndiye stelingi. Inaanza na shindano la kulenga shabaha Dodge City siku ya uhuru wa Marekani, tarehe 4 Julai 1876. Stewart anashinda bunduki, adui anamnyang'anya, na bunduki inaanza kutembea mkono kwa mkono, kila anayeishika ikimletea yake. Ni dakika 92 tu. Baada ya hapo mrudishe kwenye Stagecoach, mwambie amtazame mtu anayeruka kutoka farasi mmoja hadi mwingine katika mbio, akaanguka kati ya miguu ya farasi, na gari zima likapita juu yake. Hakuna kompyuta pale. Alikuwa Yakima Canutt, mwigizaji wa michezo ya hatari, na alilala kweli kwenye vumbi lile.

Lakini kaa naye anapotazama, kwa sababu kuna la kumwambia. Waapache, wenyeji asili wa Marekani, wanaolishambulia gari kwenye Stagecoach hawapewi maneno. Wanatokea ili wapigwe risasi. Walioigiza ni Wanavajo, kabila jingine la wenyeji, wenye ardhi ile. Fort Apache, aliyoitengeneza Ford huyohuyo mwaka 1948, ina heshima zaidi: kiongozi wa Waapache, Cochise, anasema kweli, na anayewaangamiza askari ni kanali mwenye kiburi wa upande wa wazungu. Na kijana akikuuliza kauboi weusi wako wapi, mwambie walikuwepo, tena wengi. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu mmoja kati ya kila kauboi wanne alikuwa mtu mweusi. Hollywood iliwaficha. Mwonyeshe Herb Jeffries, aliyekuwa kauboi mwimbaji kwenye picha kama The Bronze Buckaroo ya mwaka 1939, zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi za watu weusi. Zina bajeti ndogo na inaonekana, lakini yeye ndiye stelingi na msichana ni wake.

Mzee naye muwekee akiba The Man Who Shot Liberty Valance ya 1962. Wakati huo rangi ilikuwa imeshaenea, bado Ford akaipiga nyeusi na nyeupe, sehemu kubwa ndani ya studio, na giza lake linahitaji ile kazi ya kofia niliyokuelekeza. Humo yumo Woody Strode, aliyekuwa mmoja wa wachezaji weusi wa kwanza kurudi kwenye ligi kuu ya mpira wa Kimarekani mwaka 1946. Anaigiza Pompey, amekaa darasani na watoto, anajaribu kukariri Azimio la Uhuru na anakwama palepale pasemapo watu wote wameumbwa sawa. Mwalimu anamwambia wengi hupasahau hapo. Tulizoea kusema stelingi hafi. Kwenye picha za miaka hii ya 1950 na kuendelea usiweke dau. Kuna moja kati ya nilizozipenda, The Gunfighter ya Gregory Peck, ambayo nisingependa mtu akusimulie kabla hujaiona.

Ukinunua diski, angalia kanda ya soko ("Region"), yaani sehemu ya dunia iliyokusudiwa kuuzwa. Blu-ray za Marekani ni kanda A, Afrika tuko kanda B. DVD zetu ni kanda 5. Muuza mashine akuthibitishie kwamba mashine yake inasoma zote kabla hujatoa hela. DVD za mfumo wa PAL zinakwenda kasi kwa asilimia 4, kwa hiyo High Noon ya dakika 85 inakwisha kama dakika tatu mapema na sauti za watu zinapanda kidogo. Ukitumia intaneti, pakua kwanza kuliko kuitazama ikiwa inashuka, kama huduma yako inaruhusu. Zile punje za fedha ni mzigo mzito, mtandao ukilegea picha inavunjika vipande vipande kwenye giza. Picha ya ubora mzuri hufika GB 3 kwa saa, upange kifurushi. Kuna nyingine ni halali kwa bure Marekani, kama Angel and the Badman ya 1947, kwa sababu hakimiliki yake haikuhuishwa, ila nakala zake nyingi ni chafu. Tafuta iliyosafishwa.

High Noon ibaki ya mzee. Itazameni Jumamosi asubuhi, mapazia yakiwa yamefungwa. Hadithi yake inakwenda karibu sawa na saa ya ukutani: marshal, mlinzi wa sheria wa mji, ameoa asubuhi hiyo, anaambiwa adui yake anakuja na treni ya saa sita mchana, anapita mlango kwa mlango kuomba msaada na mji mzima unamgeuzia mgongo. Saa zimejaa kila chumba. Ukiiwasha saa tano kasoro dakika kumi, treni itakuwa inaingia stesheni karibu na wakati saa yenu wenyewe inapofika sita. Itakwisha kama saa sita na robo, na mzee atakuwa na nafasi ya kutosha ya kutia udhu na kuwahi Adhuhuri.